Safari ya kuvua besi Naivasha, watu 9: boti ngapi, tutoke saa ngapi, tubebe nini?

NdoanoNne:

Habari za jioni wadau.

Tuko watu tisa hapa Nairobi na tunapanga kwenda Ziwa Naivasha wikendi moja mwezi wa pili kuvua besi mdomo mpana (Micropterus salmoides). Wanne wetu wamezoea fimbo na rili, watatu wamezoea tilapia wa mabwawani kwa minyoo na boya, na wawili hawajawahi kuvua kabisa.

Mpango wa sasa ni huu. Tutoke Nairobi Jumamosi saa kumi alfajiri, tufike ziwani kama saa moja, tukodi boti moja kubwa inayobeba watu kumi ili tuwe pamoja, tuvue mpaka saa kumi na moja jioni. Jumapili tuvue saa chache kisha turudi. Bajeti si kubwa.

Naomba mnisaidie kwa haya: boti moja inatosha? Vifaa gani tubebe na kiasi gani? Na hao wageni watano tuwapangeje ili nao washike samaki na asiumie mtu?

---

Mafunjo:

Karibu sana mkuu. Umefanya vyema kuuliza mapema, maana mpango huo una mambo matatu ya kubadilisha kabla hujampigia mwenye boti.

La kwanza ni muda. Naivasha hutulia asubuhi, na mchana upepo huanza kukata ziwa na kuinua mawimbi mafupi yanayopiga boti ubavuni. Saa za kuvua besi kwa raha ni kuanzia mwanga unapotosha kuona mbele, kama saa kumi na mbili na nusu, hadi saa tano. Saa sita muwe njiani kurudi, na saa saba kila boti iwe imefungwa gatini. Kwa hiyo mkitoka Nairobi saa kumi alfajiri, mkapita barabara ya chini ya Mai Mahiu yenye malori, mkafika saa moja, mkajadiliana bei, mkavaa na kufunga ndoano, mtaanza kuvua saa mbili na nusu. Hapo nusu ya asubuhi imekwisha. Ondokeni Ijumaa mchana mlale kando ya Moi South Lake Road. Gharama ya kitanda inarudi yenyewe kwa saa za kuvua mnazopata.

La pili ni boti moja ya watu kumi. Idadi ambayo mwenye boti anakutajia ni ya watalii walioketi kutazama viboko. Watu wanaorusha ndoano hawakai hivyo. Kila mrushaji anahitaji nafasi ya fimbo ya mita 2 kwenda nyuma na mbele, na boti ya mita 5 au 6 inatosha wavuvi watatu na nahodha. Ukiweka watano, mmoja atakuwa anasubiri muda wote au atachomwa. Tena besi hukaa kando ya mafunjo na miti iliyozama, si katikati ya maji, na boti kubwa yenye watu kumi haiwezi kuingia hapo bila kelele. Watu tisa ni boti tatu, watatu watatu. Kila boti iwe na angalau mzoefu mmoja, na huyo wa nne aende kwenye boti yenye mmoja wa wale wawili wasiowahi kuvua.

La tatu ni nahodha. Wengi wa wanaoendesha boti pale wamezoea safari za ndege na viboko, na kazi hiyo wanaijua vizuri sana. Wewe unamhitaji anayeweza kuishika boti mita 15 hadi 20 kutoka ukingoni, taratibu, upande wa upepo ukiwa mgongoni, kwa saa nzima bila kuchoka. Mwambie wazi kwamba ni kuvua kwa kurusha, na umwombe awe mtu aliyewahi kuvua.

Unapoongea na mwenye boti ulizia haya kwa mdomo, kisha uyaandike kwenye ujumbe ili pasiwe na ubishi gatini: bei ni ya saa au ya asubuhi nzima, mafuta yamo au hayamo, jaketi za kuokolea ni ngapi na za ukubwa gani, kuna kasia mbili na nanga yenye kamba, na saa tunayokaa kuvua injini ikiwa imezimwa inahesabiwa au la. Hilo la mwisho ndilo huleta ugomvi mkubwa kuliko yote.

Leseni: uvuvi wa burudani unahitaji leseni, kila mtu na yake. Pigeni simu ofisi ya samaki Naivasha wiki moja kabla, muulize pia masharti yanayotumika wikendi hiyo. Mkifika gatini, iwe Karagita au Kamere, wasalimieni viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia gati) na muwaambie mnavua upande gani. Wao ndio watakaowatafuta mkichelewa.

---

Upondo:

Nakubaliana na Mafunjo kwa yote. Naongeza hatari za ziwa lenyewe, maana Naivasha si bwawa la shamba.

Gugu maji. Mikeka ya gugu huelea na kuhama na upepo. Gati lililokuwa wazi alfajiri linaweza kufungwa kabisa saa sita, na injini ikijaribu kupita kwa nguvu hujaza mizizi kwenye propela, maji ya kupoza hayaingii, injini inachemka na kuzima mkiwa katikati ya mkeka. Kila boti iwe na upondo wa mita 3 au zaidi, na panga. Mkikuta mkeka mwembamba, inueni injini, sukumeni kwa upondo, piteni. Mkiwa nao mnene usiojulikana unaishia wapi, zungukeni hata kama ni kilomita mbili. Na kabla ya kuondoka asubuhi mwulizeni nahodha: upepo ukigeuka na gati hili likafungwa, tunatokea wapi? Awe na jibu.

Viboko. Alfajiri wanarudi majini kutoka malishoni, na mchana hukaa makundi kwenye maji mafupi karibu na mafunjo, mahali pale pale besi wanapopenda. Boti isikae kamwe kati ya kiboko na maji yenye kina, kwa sababu akishtuka anakimbilia kina na nyinyi mko njiani. Mkiona kundi, kaeni mita 100 au zaidi. Mkiona kichwa kimoja kimezama karibu na boti hakijaibuka, usisimame kupiga picha. Nahodha awashe injini polepole na kuondoka kuelekea maji ya wazi. Kuvua kwa miguu ukingoni mwa mafunjo asubuhi na jioni sishauri kwa mtu yeyote, hasa kikundi chenye wageni.

Miti na nyaya. Maji yalipanda sana, mwaka 2020 yakaingia hata mtaa wa Kihoto. Sehemu kubwa ya ukingo wa leo ni shamba la jana. Chini kuna mashina ya migunga, nguzo, na seng'enge. Kwa besi hayo ni makao mazuri sana. Kwa propela ni hasara. Mkifika mita 50 kutoka miti iliyozama, mwendo wa chini kabisa, mmoja akae mbele akitazama majini. Alama za zamani za GPS na ramani za ukingo wa zamani zisiaminiwe.

Nyavu. Zinatambulika kwa chupa za plastiki au vipande vya povu vinavyoelea kwa mstari. Msipite juu yake na msiinue wavu wa mtu hata kama ndoano yenu imenasa. Kateni mshipi. Wavu ni riziki ya mtu, na ukionekana umeushika mkononi hakuna atakayesikiliza maelezo yako.

Injini. Kwa boti tatu bebeni mfuko mmoja wa vipuri: plagi mbili za kila aina ya injini na spana yake, pini za propela kama injini inazitumia, kamba ya kuwashia, koleo, bisibisi, kitambaa. Mwulizeni kila nahodha injini ni ya mipigo miwili au minne. Ya mipigo miwili inayochanganywa 50 kwa 1 hutaka mililita 100 za oili kwa kila lita 5 za petroli, kwa hiyo lita 25 ni nusu lita ya oili. Injini ya nguvu farasi 25 ya aina hiyo hula takriban lita 10 kwa saa ikifunguliwa yote. Kwa asubuhi ya kuvua, injini hukimbia kama saa moja na nusu kwa jumla, yaani lita 15. Ongeza akiba ya nusu yake na zaidi kidogo, uweke lita 25 kwa boti. Hesabu kwa kanuni hii: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi isiyoguswa.

Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa nahodha kila injini inapowaka. Jaketi zivaliwe na kufungwa, zisikaliwe.

---

NdoanoNne:

Asanteni sana. Ijumaa tutaondoka, hilo limekubalika leo kwenye kikundi. Leseni na BMU nitashughulikia mwenyewe.

Boti tatu ndizo zinatusumbua kwa bei. Je, tukichukua mbili, moja watano na nyingine wanne, tukapokezana kurusha? Na naomba mtu anieleze vifaa kwa hesabu, maana wale watano hawana chochote cha besi.

---

DadaChubwi:

Kaka, kabla ya kupunguza boti, punguza saa. Boti tatu kwa asubuhi mbili za saa tano tano ni saa 30 za boti. Mpango wako wa kwanza, ukitumia boti mbili kuanzia saa moja hadi saa kumi na moja jioni, ni saa 20 kwa Jumamosi pekee, na nusu yake ni saa za upepo ambazo hamtavua lolote. Ondoa mchana wote na utaona boti tatu zinakaribia bei ile ile.

Kama bado hamfiki, njia nzuri ni boti mbili za watatu watatu na watu watatu wabaki nchi kavu kwa zamu. Hifadhi ya Hell's Gate iko jirani na unaweza kuizunguka kwa baiskeli. Jumamosi watatu wanakwenda huko, Jumapili wengine watatu. Ukiweka watano kwenye boti moja na kusema "tutapokezana", samaki wakianza kula hakuna atakayekumbuka zamu.

Pesa: mweka hazina mmoja, na malipo yawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vya pamoja (boti, mafuta, vipuri, barafu, chakula cha botini), ligawanywe kwa tisa, lilipwe kwa M-Pesa siku kumi kabla, na lisirudishwe mtu akijitoa, kwa sababu boti imeshalipiwa. Fungu la pili ni la kila mtu mwenyewe: kulala, leseni, vifaa. Ongeza asilimia 10 kwenye fungu la kwanza kwa dharura, na kinachobaki kirudishwe kwa wote. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu mtu mmoja alilipa akiba ya boti kutoka mfukoni, kisha wawili wakajitoa Alhamisi usiku.

---

MshipiKilo7:

Vifaa niachieni mimi.

Kwa wageni watano kila mmoja fimbo moja tu, ya aina ya rili iliyo wazi inayoning'inia chini ya fimbo. Zile rili za ngoma zinazokaa juu waachiwe wazoefu, maana mgeni akirusha bila kuizuia ngoma kwa kidole gumba mshipi unajikunja wote na asubuhi yake imekwisha. Fimbo iwe ya mita 2 hadi 2.1, nguvu ya kati, rili ya saizi 2500 au 3000. Mshipi wa kusuka wa kilo 9 ndani, na mbele ufungwe kipande cha fluorokaboni cha kilo 6 au 7, urefu wa mita moja na nusu. Kipande hicho hustahimili kusuguliwa na mashina kuliko mshipi wa kusuka, na ukilazimika kukata, unapoteza hicho tu.

Chambo bandia kimoja kinatosha kwa mgeni: mnyoo wa plastiki laini wa sentimita 13 hadi 18, umefungwa mtindo wa Texas, kwa sababu ncha ya ndoano imefichwa na haikamati mafunjo. Unafunga hivi. Pitisha mshipi kwenye chubwi ya umbo la risasi, gramu 5 hadi 7, ncha nyembamba ikitazama fimbo. Funga ndoano ya saizi 3/0 au 4/0 yenye shingo iliyopinda. Ingiza ncha ya ndoano katikati ya kichwa cha mnyoo, milimita 6 au 7, itoe ubavuni, vuta mpaka kichwa kifunike shingo iliyopinda. Geuza ndoano nusu duara. Ining'inize uone pindo la chini linaangukia wapi kwenye mnyoo, kisha mchome hapo hapo, ncha itokee upande wa pili, halafu urudishe ngozi kidogo ili ncha ijifiche.

Makosa ya hapa ni mawili. Mnyoo ukiwa umekunjamana hata kidogo, utazunguka majini na kusokota mshipi wote mpaka rili inatoa vitanzi. Lazima unyooke kabisa. Kosa la pili ni ndoano ndogo kwa mnyoo mnene. Nafasi kati ya ncha na shina la ndoano ikijazwa na plastiki, hakuna ncha ya kumchoma samaki, na mtu atalalamika siku nzima kwamba "wanaguswa lakini hawakamatiki".

Fundo ni Palomar, rahisi kumfundisha mtu jioni ya Ijumaa. Kunja sentimita 15 za mshipi ziwe mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, pitisha ndoano yote ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, vuta ncha zote mbili pamoja. Usipolowesha, fluorokaboni huungua kwa msuguano na kukatika samaki wa kwanza mzito anapogeuka. Kila mtu afunge mara kumi kabla ya kulala.

Kiasi: kwa miti ya Naivasha weka ndoano 6, chubwi 6 na minyoo 15 kwa mtu kwa asubuhi. Watu tisa, asubuhi mbili: ndoano 108, chubwi 108, minyoo 270. Nunueni pamoja, gaweni kwenye vijisanduku vitatu, kimoja kwa kila boti. Fluorokaboni mita 100 kwa boti.

Kwa wazoefu, fimbo ya pili iwe na kijiko kinachozunguka chenye waya na sketi, gramu 10 hadi 14, ndicho cha kupekua ukingo haraka mpaka mjue samaki wako wapi. Chambo cha tatu, ukitaka, ni chura wa plastiki wa kuburuza juu ya mikeka ya gugu. Huyo anataka mshipi wa kusuka wa kilo 22 na fimbo ngumu, na besi akimpiga chura, hesabu moja, mbili, ndipo uvute. Ukivuta ukiona maji yanaruka tu, unamnyang'anya mdomoni.

Rangi: chakula kikubwa cha besi wa Naivasha ni kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, walioletwa ziwani mwaka 1970. Kwa hiyo plastiki ya kahawia yenye wekundu, inayotambaa chini na kuruka ruka kidogo, haikosei njia.

---

Mafunjo:

Vizuri sana, ila kwa rangi naomba niongeze jambo. Maji ya Naivasha mara nyingi si maangavu. Samaki aina ya karpu waliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa ni wengi mno. Wanachimbua tope chini, na mvua zikinyesha mto Malewa unaleta udongo upande wa kaskazini. Besi huwinda kwa macho, akikosa kuona anategemea mtikisiko. Jaribio rahisi: shusha chambo cheupe kandoni mwa boti. Kikipotea kabla ya nusu mita, acha kahawia, chukua nyeusi yenye buluu, na kijiko chenye bapa la duara linalotikisa maji zaidi. Kikionekana zaidi ya mita moja, kahawia na kijani ni sawa.

Mwezi wa pili kwa kawaida ni mkavu, kwa hiyo mnayo nafasi nzuri. Anzeni upande wa kusini na kuzunguka Crescent Island. Pale ukingo wa kreta unashuka ghafla kwenye maji yenye kina kuliko kwingine ziwani, na besi husimama pale ambapo kina kifupi kinakutana na kirefu. Kumbukeni kushuka kisiwani ni kwa kiingilio, lakini kuvua mkiwa botini nje yake hamhitaji kushuka. Boti ya pili ipekue miti iliyozama, ya tatu kingo za mafunjo. Saa mbili na nusu boti zote zipigiane simu: kina gani, chambo gani, wangapi. Faida kubwa ya kwenda kikundi ni hii, mnapekua ziwa mara tatu kwa muda mmoja. Boti zote zikifuatana mahali pamoja mmeitupa.

---

DadaChubwi:

Usalama wa kurusha, kwa kuwa wageni ni watano. Mmoja anakaa mbele, mmoja nyuma, wa katikati anarusha upande mmoja tu waliokubaliana. Fimbo ipite juu ya kichwa, isipite ubavuni. Kabla ya kurusha unatazama nyuma na kusema "narusha". Miwani kwa kila mtu tangu injini inapozimwa, hata ya plastiki ya bei nafuu. Binafsi ningezuia kabisa ndoano za meno matatu kwenye boti za wageni.

Ndoano ikiingia kwenye mkono na ncha imezama: kata mshipi, uache ndoano peke yake. Zungusha uzi imara, sentimita 60, kwenye pindo la ndoano na uushike vizuri. Mwingine abonyeze upande wa tundu ushuke mpaka uguse ngozi, kisha vuta uzi kwa ghafla, sambamba na ngozi. Inatoka ilikoingilia. Osha kwa maji safi na sabuni, weka dawa, na kama sindano ya pepopunda ni ya zamani, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Usoni, shingoni, karibu na jicho au kwenye kiungo cha kidole usiguse. Funika, rudini gatini, hospitali.

Samaki: mikono iloweshwe kwanza. Mshike kwa kidole gumba ndani ya mdomo wa chini akining'inia wima, na akiwa mzito mkono wa pili ubebe tumbo. Ukimlaza kwa kumshika taya tu, uzito wake unamvunja taya, ataogelea lakini hatakula. Asikae nje zaidi ya sekunde 30. Akiwa ameimeza ndoano mpaka kooni na mnamrudisha, kateni mshipi karibu na ndoano. Kuichokoa kunamuua haraka kuliko kuiacha.

Mkiona duara safi lililofagiliwa kwenye maji mafupi na besi hataki kuondoka hapo, ni dume analinda mayai. Mpitieni. Akitolewa hata dakika chache, samaki wadogo wanayamaliza. Besi hawa ni wageni wa Marekani waliopandwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920, na wapo wanaosema kwa hiyo wasihurumiwe. Mimi siafiki, maana wavuvi wa pale nao huwauza. Wekeni idadi ya kula mapema, mfano mmoja kwa mtu, wa saizi ya kati, na wakubwa warudi.

Mkifanya shindano dogo, pimeni urefu kwa rula, mdomo ukiwa umefungwa, picha moja, majini. Mizani kwenye mawimbi inadanganya, na kumsubirisha samaki kunamchosha.

Wa kula: utumbo na matamvua vitolewe upesi, kisha barafu uzito sawa na samaki. Gandisheni chupa za maji za lita moja na nusu nyumbani tangu Alhamisi. Zikiyeyuka mnakunywa. Maji ya kunywa wekeni lita 3 kwa mtu, na kofia pana, maana mko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na jua la pale linachoma hata hewa ikiwa baridi. Alfajiri baridi ni kali, sweta ni lazima.

---

NdoanoNne:

Nimekusanya yote. Ijumaa tunaondoka saa nane mchana, jioni mafunzo ya Palomar na Texas. Boti tatu, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tano na nusu, Jumamosi na Jumapili, wazoefu wamegawanywa kama mlivyosema. Mweka hazina ameteuliwa na fungu la kwanza linaanza kukusanywa kesho.

Swali la mwisho: upepo ukija mapema, tuseme saa nne, na boti zetu ziko sehemu tofauti, tufanyeje?

---

Upondo:

Kubalianeni alfajiri kabla ya kuondoka. Dalili ni povu jeupe kwenye ncha za mawimbi. Nahodha yeyote akiliona, anawapigia wengine wawili, na boti zote tatu zinaacha kuvua dakika hiyo hiyo, hata kama mtu ana samaki. Uamuzi ni wa manahodha, wavuvi hawapigi kura.

Msikate katikati ya ziwa. Fuateni ukingo ulio upande upepo unakotokea, ambako maji yametulia, hata kama ni mwendo mrefu mara mbili. Ndiyo maana ya ile theluthi ya mafuta isiyoguswa. Watu wakae chini sakafuni, uzito ugawanywe sawa, fimbo zilazwe. Wimbi lipokewe kwa pua ya boti kwa pembe kidogo, lisipige ubavu. Ikiwa gati lenu halifikiki, boti iingie gati lolote la karibu, na wa botini wapige simu kwa wenzao na kwa BMU kusema wako wapi. Gari liwafuate huko.

Radi ikisikika ni hivyo hivyo, ila fimbo zilazwe mara moja, kwa kuwa za kaboni hupitisha umeme. Simu za manahodha wote watatu na ya BMU ziandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, moja kwa kila boti, na simu mbili kwa boti zifungwe mahali pakavu zikiwa na chaji. Kabla ya kurudi Nairobi, ng'oeni kila kipande cha gugu kwenye nyuzi, ndoano na viatu, mwageni maji ya ndoo zote pale pale, na vifaa vikauke juani kabla ya kupelekwa bwawa jingine.